Ambroise Paré, kinyozi aliyefunga mishipa ya damu na uzi

Kila mufanyakazi wa siku mingi katika mashimo yetu ya mukuba, kutoka Kipushi mpaka Kolwezi, anajua kama damu haitokake namna moja. Kuko damu nyeusi-nyeusi yenye kutiririka polepole: ile inatoka katika veni, mushipa wenye kurudisha damu kwenye moyo. Kuko damu nyekundu sana yenye kuruka, inaruka na kupunguka, inaruka tena, kwa kufuata mapigo ya moyo: ile inatoka katika arteri, na ile haingojake. Kama hakuna mutu wa kukaza kidonda mara moja, na mukono ao na kitambaa, muchimbaji anaisha mbele motokari haijafika.

Mutu tunayetaka kueleza maisha yake leo alipigana na ile damu yenye kuruka muda wa miaka zaidi ya makumi tano. Hakuwa munganga. Alikuwa kinyozi, na jina lake ni Ambroise Paré. Tumemuchagua juu ya jambo moja lenye watu wa hospitali hawapendake kulizungumuzia sana: mara ingine jiwe haina kosa, bunduki haina kosa, ni mukono wenye kuja kuponyesha njo unapasua arteri. Paré aliona mambo ile na macho yake, na akaiandika.

Alizaliwa karibu mwaka wa 1510 pale Bourg-Hersent, kijiji cha pembeni ya muji wa Laval, upande wa mangaribi ya Ufaransa. Ile miaka, huku kwetu Mufalme Afonso wa Kwanza alikuwa anatawala Kongo. Jamaa ya Paré haikuwa na mali. Hakusomeshwa Kilatini, na kule Ufaransa mutu mwenye hakujua Kilatini hangeweza kuingia katika shule kubwa ya wanganga, Faculté ya Paris. Njo sababu alitumwa kujifunza kazi ya unyozi.

Musomaji asicheke. Wakati ule watu wenye kutunza wagonjwa walikuwa wa namna tatu. Juu kabisa walikaa wanganga wa Faculté: walivaa kanzu ndefu, walisema Kilatini, walitazama mukojo wa mugonjwa ndani ya chupa, lakini hawakushika damu hata siku moja. Chini yao walikuwa wapasuaji wa chama cha Saint-Côme. Chini kabisa walikuwa vinyozi. Ni wao walinyoa ndevu, walipasua majipu, walifunga vidonda, na zaidi ya yote walitoa watu damu. Munganga aliamuru, kinyozi alikata.

Kutoa damu ilikuwa dawa ya karibu kila ugonjwa: homa, kichwa kuuma, tumbo, hata huzuni. Wazee wetu walijua kuumika na pembe, lakini pembe inavuta damu ya juu-juu ya ngozi, haifike mbali. Kinyozi wa Ufaransa alifanya namna ingine. Alifunga kamba juu ya kisugusugu cha mugonjwa, akangoja veni ivimbe pale mukono unapojikunja, kisha akaipiga na kakisu kenye ncha kali. Pale pale, chini ya ile veni, kunapita arteri kubwa ya mukono. Kati ya moja na ingine kuko paka utando mwembamba. Mugonjwa akishituka, ao kinyozi akisukuma kakisu kidogo zaidi, kinapita veni na kinaingia katika arteri. Hapo inatokea moja ya mambo mawili: damu inaruka mbele ya macho ya wote, ao inajificha ndani ya nyama na kutengeneza uvimbe. Siku zinapita, kidonda cha juu kinapona, na uvimbe unabaki. Ukiweka kidole juu yake, unapiga sawa moyo. Wafaransa wanauita anevrisima.

Kijana Paré alifika Paris miaka ya mwanzo ya 1530, na akapata nafasi ndani ya Hôtel-Dieu, hospitali ya maskini, karibu na kanisa la Notre-Dame. Alikaa pale karibu miaka mitatu. Wagonjwa wengi walilala pamoja katika kitanda kimoja, na maiti hazikukosa. Pale alijifunza mwili wa mutu: wapi mushipa gani unapita, chini ya nyama gani. Kwa maoni yetu, ile njo ilikuwa Faculté yake.

Karibu mwaka wa 1537 alikwenda kwenye vita kule Italia, upande wa Turin, akimufuata jenerali mumoja wa mufalme. Alikuwa kijana wa miaka karibu makumi mbili na saba na hakuwa amewahi kuona kidonda cha bunduki. Vitabu vya wakati ule vilifundisha kama baruti ni sumu, na kama dawa ya sumu ni moto: mupasuaji alipaswa kumimina mafuta yenye kuchemuka ndani ya kidonda. Paré akafanya vile aliona wengine wanafanya. Halafu mafuta ikaisha, na wenye kuumia walikuwa wangali wengi. Akachanganya kiini cha yai, mafuta ya waridi na terebentina, akawapakaa paka vile. Usiku ule hakupata usingizi. Alihofia kama asubui atakuta wale wenye kukosa mafuta ya moto wamekufa wote. Aliamuka mapema sana kwenda kuwatazama. Aliwakuta wamelala muzuri, vidonda vyao havikuvimba. Wale wa mafuta ya moto walikuwa na homa na maumivu makali, na nyama ya pembeni ya vidonda vyao ilikuwa imevimba.

Akaamua kutomuchoma tena mutu mwenye bunduki ilimuumiza. Mwaka wa 1545 akatoa kitabu juu ya vidonda vya bunduki, na alikiandika kwa Kifaransa, luga ya askari na ya vinyozi. Watu wa Faculté hawakufurahi.

Lakini tendo lenye kumuletea jina kubwa lilifanyika mwaka wa 1552, wakati jeshi ya Ufaransa ilizunguka muji wa Damvillers. Risasi ya muzinga ilivunja muguu wa bwana mumoja, na ilikuwa lazima kuukata. Mupasuaji akikata muguu, anafungua arteri kwa makusudi, na hapo njo balaa yote inaanzia. Wakati ule walisimamisha damu na chuma ya moto. Walichoma nyama mpaka mishipa inafunga, na mugonjwa aliona yote, juu hakukuwa dawa ya kulalisha. Wengi walikufa paka kwa maumivu. Wengine walipona siku chache, kisha kigaga cha nyama yenye kuungua kikaanguka, damu ikaruka upya, wakachomwa tena. Ni kusema dawa ya kufunga mushipa ilikuwa inaufungua mara ya pili.

Paré aliacha chuma. Kwanza alikaza muguu na mukanda wenye nguvu juu ya pahali pa kukata, ili damu isitoke mingi na maumivu yapunguke. Alipomaliza kukata, alitafuta kichwa cha kila mushipa, akakikamata na koleo yenye mudomo sawa mudomo wa kunguru, akakivuta inje kidogo, na akakifunga na uzi yenye kukunjwa mara mbili. Yule bwana alipona na akarudi kwake na muguu wa muti. Kazi ya kufunga mishipa na uzi haikuvumbuliwa na Paré. Waroma na Wagiriki wa zamani waliandika juu yake, na yeye mwenyewe alisema ameitoa kwao. Lakini walikuwa wanaifanya kwa vidonda, na kisha karibu kila mutu aliisahau. Yeye aliirudisha na kuitia katika kazi ya kukata viungo, na mwaka wa 1564 akaeleza yote katika kitabu cha upasuaji chenye sehemu kumi. Humo aliomba wapasuaji waache ile ukali ya zamani, na hakujitosha kati ya wale walioifanya.

Mwaka ule ule wa 1552 mufalme Henri wa Pili alimuingiza kwa siri ndani ya muji wa Metz wenye kuzungukwa na jeshi ya Charles Quint. Mwaka wa kufuata maadui walimukamata kule Hesdin. Mukubwa wao mumoja alikuwa na kidonda katika muguu tangu miaka sita ao saba. Paré akakiponyesha, na akaachiliwa bila kulipa franga hata moja. Mwaka wa 1554 Saint-Côme ilimupokea kuwa mupasuaji, hata kama Kilatini kilikuwa kingali kinamushinda. Mwaka wa 1559 alisimama karibu na kitanda cha Henri wa Pili, mwenye fimbo ya muchezo wa farasi ilimuingia katika jicho. Ile siku mukono wake haukufaa kitu: mufalme alikufa kisha siku kumi.

Mwaka wa 1561 zamu yake ikafika. Farasi alimupiga teke, mifupa miwili ya muguu wa chini ikavunjika, na ncha ya mufupa ikatoboa ngozi na kutokea inje. Yeye aliyekata miguu mingi alikuwa sasa anangoja kuona kama watamukata. Hawakumukata. Walinyoosha muguu, wakafungua kidonda zaidi ili usaha usipate pa kujificha, wakamufunga mbao. Alilala wiki mingi na homa, kisha akasimama.

Kati ya habari zote zenye Paré aliandika, moja inatugusa kuliko ya wafalme. Ni ya padri mumoja wa Paris. Padri alikuwa na uvimbe kwenye bega, mukubwa sawa kokwa. Paré akaugusa na akajua: anevrisima. Akamukataza wazi asikubali mutu yeyote aufungue. Lakini uvimbe ukazidi kukomaa, na padri akaenda kwa kinyozi mumoja. Kinyozi aliona uvimbe mwekundu wenye kuuma, akafikiri ni jipu. Mangaribi akaweka juu yake dawa ya kuunguza ngozi ili jipu lipasuke. Asubui damu ilimwangika kwa wingi sana. Walitumana kumuita Paré, lakini padri alikuwa amekwisha kufa.

Hakuna aliyekuwa na nia mubaya. Kinyozi alifanya kile alifundishwa: uvimbe wenye joto na maumivu unapasuliwa. Paré hakumutukana. Aliandika habari ile juu ya vijana wenye kujifunza kazi, na aliwaonya wasifungue ovyo uvimbe wa namna ile, juu wataona watu wanakufa mbele yao. Kuko alama ya kuutambua. Kwa kawaida jipu ni kimya; anevrisima mara mingi inapigapiga chini ya kidole, na mara ingine unasikia ndani yake muvumo kidogo.

Tunasimama hapa kidogo, juu mambo haya haikuisha na vinyozi wa Paris. Mushipa ungali unapita pale pale. Leo hatutolewe damu na kakisu, lakini tunapigwa sindano, tunawekewa serumu, na wenye ugonjwa wa figo wanaingizwa sindano kubwa mara mingi kila wiki. Katika hospitali kubwa za dunia wanapitisha mupira mwembamba katika arteri ya paja mpaka kwenye moyo. Kwa wanganga wakubwa kabisa inafika siku sindano inatoboa pahali haikupaswa, na wao wanajua: njo sababu wanakaza paja la mugonjwa muda murefu mbele ya kumuruhusu asimame. Na kwetu, katika vidispanseri vya pembeni ya karieri, muchimbaji anakuja na uvimbe kwenye paja ao kwenye mukono, siku kumi kisha sindano ao kisha chuma kumuchoma, na mwenye wembe anaona jipu tu. Baba ao mama mwenye kumusindikiza anaweza kuomba jambo moja bila aibu: weka kwanza kidole, sikia kama unapiga. Kama unapiga, hakuna wembe. Ni kwenda hospitali yenye mupasuaji.

Turudi kwa mutu wetu. Paré alitumikia wafalme wane, na wa tatu, Charles wa Kenda, alimupenda sana. Siku moja yule mufalme alikuwa na homa, na wanganga wakaamuru atolewe damu. Wakaita mupasuaji mwenye sifa kuwa hakuna mutu anatoa damu muzuri kumupita. Akapiga kakisu, na mufalme akalia kwa nguvu. Safari hii haikuwa arteri, ilikuwa neva. Mukono ukavimba na kujikunja, mufalme akashindwa kuukunja wala kuunyoosha. Paré mwenyewe aliogopa. Alitia dawa yenye joto ndani ya katundu ili neva itulie, akafunga mukono, akangoja. Ilikamata miezi mitatu, kisha mukono ukarudi sawa zamani. Kama mutu wa kwanza katika kazi alimutoboa neva mutu wa kwanza katika inchi, nani atasema yeye haiwezi kumufikia?

Faculté haikumusamehe. Mwaka wa 1575, wakati alitosha vitabu vyake vyote pamoja katika buku kubwa moja kwa Kifaransa, walitafuta kuizuiza. Mukubwa wao, Étienne Gourmelen, aliandika mwaka wa 1580 kwa Kilatini kama kufunga mishipa na uzi ni hatari na kama chuma ya moto ni bora, juu wazee wa zamani njo walitumia chuma. Paré alikuwa muzee wa miaka makumi saba. Alimujibu mwaka wa 1585, na jibu lake lilikuwa hesabu ya vita vyote alivyokwenda: Turin, Damvillers, Metz, Hesdin, Rouen, na vingine. Alitaja watu waliopona, kisha akamucheka yule mwalimu mwenye kukaa kwenye kiti chake. Ni kitabu chenye hasira, na tunakipenda juu ya ile hasira.

Lakini ni lazima kusema vile uzi wake haukushinda mara moja. Kufunga mishipa mingi kunaomba wakati, na mugonjwa anapoteza damu wakati unatafuta. Kwa zaidi ya miaka mia wapasuaji wengi wa Ulaya waliendelea na chuma ya moto. Ni paka mwaka wa 1718, wakati Mufaransa Jean-Louis Petit alitengeneza garo yenye vizi, yenye kukaza arteri na kuilegeza vile unataka, njo mupasuaji alipata nafasi ya kufunga mishipa kwa utulivu.

Na kosa la kakisu cha kutoa damu lilileta pia mwanzo wa kazi ingine. Mwaka wa 1757, kule London, munganga William Hunter alieleza namna arteri na veni zenye kutobolewa pamoja wakati wa kutoa damu zinaweza kuungana, damu ya moja ikaingia katika ingine. Miaka miwili kisha, katika muji wa Newcastle, mupasuaji Hallowell alikuta mutu mwenye arteri ya mukono imekatwa vile vile. Zamani wangeifunga kabisa na kungoja kama mukono utaishi. Yeye alipitisha kashindano kafupi ka chuma katika midomo miwili ya katundu, akazungusha uzi juu yake, na arteri ikaponywa bila kuzibwa. Mapigo yalibaki kwenye kiwiko cha mugonjwa. Watu walijaribu tena kidogo, wakashindwa, na kazi ya kushona arteri ilingoja mpaka Alexis Carrel wa Lyon, aliyepata zawadi ya Nobel mwaka wa 1912.

Paré hakuona yale. Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya vita ya Wafaransa kwa Wafaransa, Wakatoliki na Waprotestanti. Katika mwaka wa 1590 Paris ilizungukwa na jeshi ya Henri wa Ine, na njaa ikaua maelfu ya watu. Walikula farasi, imbwa na panya. Muzee alikuwa na miaka karibu makumi nane. Siku moja alikutana na askofu mukubwa wa Lyon karibu na daraja la Saint-Michel, mumoja wa wale waliokataza muji usijitoe. Akamusimamisha mbele ya watu na kumusihi kwa jina la Mungu atafute amani, juu maskini walikuwa wanakufa pembeni yake. Askofu alishangaa kusikia mutu anamusemesha vile.

Kisha siku chache kuzungukwa kuliisha. Paré alikufa tarehe 20 Desemba 1590, katika nyumba yake ya Paris, na wakamuzika ndani ya kanisa la Saint-André-des-Arts, mwendo mufupi kutoka lile daraja. Kanisa lilibomolewa kisha Mapinduzi ya Ufaransa, na leo pale ni kiwanja. Kule Laval alipozaliwa, walimusimamishia sanamu ya shaba katika mwaka wa 1840.